Gari langu hurudi nyuma mlimani, na mtihani umekaribia

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mwanza, nina duka la madaftari na sare za shule. Nimeanza kujifunza gari mwaka huu nikiwa na miaka 46. Kwenye tambarare sina shida. Shida ni mlima. Nikisimamishwa kwenye kile kilima cha kwenda Bugando, nikiachia breki gari linarudi nyuma, nikikimbilia mafuta linaruka au linazima. Mwalimu wangu anafoka, na mimi nikifokewa miguu inatetemeka. Trafiki watatutahini hivi karibuni. Shemeji yangu ananiambia nisijisumbue, yupo mtu wa kunipatia leseni bila kutahiniwa, halafu udereva nitaujulia mbele kwa mbele. Nifanyeje?
Mama wa Mwanza

JIBU: Marahaba mama, na hongera sana. Nimefundisha watu wazima wengi na nawapenda kwa jambo moja: wakiambiwa rudia, wanarudia.

Tatizo lako liko kwenye mguu wa kushoto, mlima unasingiziwa tu. Gari linarudi nyuma kwa sababu unaachia breki kabla klachi haijashika. Linazima kwa sababu ukishtuka unaiachia klachi yote kwa mkupuo, na injini inabebeshwa uzito wa gari zima ikiwa haijapata mafuta ya kutosha. Kati ya hayo mawili kuna mahali padogo ambapo klachi huanza kushika. Hapo ndipo mguu wako unapaswa kupajua hata ukiwa umefumba macho.

Kabla ya yote, kiti. Wanafunzi wafupi wa kimo wengi huwa wamekaa mbali, wanafikia klachi kwa ncha za vidole. Kisogeze mbele mpaka ukikanyaga klachi hadi mwisho, goti libaki limekunjika kidogo. Kisipofika, weka mto mgongoni. Kandambili ziache nyumbani, vaa kiatu chenye soli nyembamba kilichobana kisigino, na kama umevaa gauni refu lipandishe kidogo lisiingie chini ya pedali.

Sasa mwombe mwalimu akupeleke uwanja tambarare, usio na watu. Washa gari, kanyaga klachi yote, ingiza gia namba moja, achia breki. Mafuta usiyaguse kabisa. Inua klachi polepole, kisigino kikiwa kimekaa sakafuni. Utasikia mlio wa injini unazama kidogo, na pua ya gari itajiinua kama inataka kuondoka. Hapo hapo, zuia mguu. Gari litaanza kutambaa lenyewe. Kanyaga klachi na breki, lisimame. Rudia mpaka mguu uchoke, upumzike, urudie tena. Siku hiyo fanya hilo tu. Najua utaona kama unapoteza hela ya somo, lakini ndilo somo lenyewe.

Mguu ukishazoea, nendeni mlimani. Simama, vuta breki ya mkono, kisha achia breki ya mguu taratibu uone kama ya mkono imeshika kweli. Klachi chini, gia namba moja. Kanyaga mafuta kidogo mpaka injini ingurume kuzidi kawaida, ushikilie hapo. Inua klachi hadi mahali unapopajua: mlio utashuka, na nyuma ya gari itachuchumaa kidogo. Tulia. Angalia kioo cha kati, angalia saiti mira, geuza shingo utazame ubavuni, maana bodaboda hupenya popote penye upenyo. Ndipo uachie breki ya mkono. Gari halitarudi nyuma, litabaki limening'inia palepale. Ongeza mafuta, malizia klachi, ondoka.

Wapo walimu wanaotaka mwanafunzi aondoke mlimani kwa kucheza na klachi na breki ya mguu peke yake, wakisema breki ya mkono ni ya waoga. Sikubaliani nao hata kidogo. Nyuma yako panaweza kuwa na mama amembeba mtoto mgongoni anavuka barabara. Breki ya mkono imewekwa kwa ajili hiyo. Ila usije ukajizoesha kulizuia gari kwa klachi ukiwa kwenye foleni ya mlimani. Ukisikia harufu ya kitu kinachoungua, ndiyo klachi yenyewe inaisha.

Na kwa kuwa mji wenu ni wa vilima, nikwambie na hili ambalo hukuliuliza: wanafunzi wanaogopa kupanda, mimi nawaogopea kushuka. Madereva wa malori wanaoujua mlima Kitonga kule Iringa huingiza gia ya chini wakiwa bado juu, kabla mteremko haujaanza, ili injini yenyewe ilizuie gari. Anayeshuka akiwa amekandamiza breki njia nzima, breki zinapata moto na mwisho zinaacha kushika. Bugando si Kitonga, lakini tabia ni hiyohiyo. Shuka na gia namba mbili. Usiteremke ukiwa umekanyaga klachi, na usiweke frii eti kuokoa mafuta.

Kuhusu mwalimu anayefoka: mwambie kwa heshima, kabla hamjawasha gari, kwamba ukifokewa husikii anachokufundisha. Wengine hawajui kama wanafoka, wakiambiwa wanajirekebisha. Asiposikia, nenda ofisini kwao uombe mwalimu mwingine. Ada umelipa wewe.

Shemeji yako mwambie hapana. Utaratibu unajulikana: unasoma chuoni, unakuwa na leseni ya kujifunzia, unatahiniwa na askari wa usalama barabarani, ukifaulu unapewa cheti cha umahiri, ndipo Mamlaka ya Mapato, TRA, wanakutolea leseni. Leseni ya daraja D, yaani ya gari dogo la binafsi, ikishakuwa mkononi, kesho yake unaruhusiwa kuingia barabarani peke yako, hakuna aliyekaa kushoto kwako wa kuvuta breki ya mkono. Huo udereva wa mbele kwa mbele utaujulia wapi? Mbele ya geti la shule, saa saba mchana, watoto wakiwa wanatoka na hayohayo madaftari uliyowauzia asubuhi. Mambo yakiharibika, huyo mtu wa shemeji hatakuwepo, na jina kwenye leseni litakuwa lako. Nenda katahiniwe. Ukikosa safari hii, utarudi tena ukiwa unajua hasa kilichokukwamisha.

SWALI: Mwalimu, alama za barabarani nakariri leo, kesho nimesahau. Na kwenye kiplefti, nani anatangulia? Tunabishana sana darasani.
Kijana wa Dodoma

JIBU: Acha kukariri picha, anza na umbo. Pembetatu yenye ukingo mwekundu, ncha juu, inakuonya kilichoko mbele: kona kali, tuta, wanyama. Duara lenye ukingo mwekundu linakukataza au kukuwekea kikomo. Kuna maumbo mawili yasiyofanana na mengine yote: pembenane ya kusimama, na pembetatu iliyopinduliwa ncha chini, ya kupisha. Yalifanywa hivyo makusudi, uyatambue hata yakijaa vumbi au yakibandikwa matangazo, na hata ukiyaona kwa mgongo. Ukifika njia panda ukaona mgongo wa pembenane upande wa mwenzako, umeshajua nani anatakiwa kusimama. Hata hivyo usipite mpaka umemwona amesimama kweli.

Kibao ninachopenda kuwauliza wanafunzi ni kile cha 50 kilichokatwa kwa mstari. Wengi wanajibu kwamba ni marufuku kwenda 50. Maana yake ni kwamba kikomo cha 50 kimeishia hapo. Kwa hiyo ukiingia kijijini ukaona 50, unabaki nayo mpaka ukione hicho kilichokatwa, hata kama nyumba zimepungua na barabara imenyooka.

Kiplefti: tunaendesha kushoto, tunazunguka kufuata mwendo wa mshale wa saa, na unampisha anayetokea kulia kwako ambaye ameshaingia. Ukikaribia kutoka, washa indiketa ya kushoto baada ya kuipita njia iliyo kabla ya yako, ili anayesubiri kuingia ajue. Askari akiwepo katikati, mkono wake unazidi taa na vibao vyote.

SWALI: Assalaam aleikum. Nilijifunzia gari Muscat na nimeendesha huko miaka mingi. Sasa nimerudi Unguja moja kwa moja. Jamaa wananicheka, kila nikitaka kukata kona nawasha waipa. Zaidi ya hapo nahofia kujisahau nikashika upande wa kulia.
Msomaji wa Unguja

JIBU: Waaleikum salaam, karibu nyumbani. Waipa zisikutie wasiwasi. Oman usukani uko kushoto, na kijiti cha indiketa ulikizoea kwa mkono wa kushoto. Kwenye haya magari yetu ya Kijapani kiko kulia, mkono utahama wenyewe.

Hofu yako ya pili ndiyo ya kweli. Penye magari mengi huwezi kukosea, utawafuata wenzako. Hatari iko pale barabara ikiwa tupu: alfajiri ukitoka msikitini, ukitoka kituo cha mafuta, ukitoka maegesho ya hoteli, au ukikata kona kuingia njia ndogo isiyo na mtu. Hapo akili hurudi kwenye mazoea ya zamani. Shika kipimo kimoja: wewe dereva, popote ulipo, bega lako la kulia liwe upande wa katikati ya barabara. Ukiona uko upande wa mtaro, umeshapotea njia. Kabla ya kuingia barabara kubwa, tazama kulia kwanza, maana huko ndiko yanakotokea magari ya karibu yako.

Kwa wiki za mwanzo usitoke peke yako. Mkeo au mwanao akae kiti cha kushoto apewe kazi moja tu: kila mnapotoka mahali mlipoegesha, kabla hujaachia klachi, aseme “kushoto” kwa sauti, na wewe uitikie.