Unyakuo Ulioshindwa na Kamba za Viatu

Bwana Yesu asifiwe. Wiki hii dada mmoja, kiongozi wa kikundi cha maigizo cha wanafunzi, ameniandikia: "Tunaigiza siku za mwisho, lakini watu wanacheka. Tufanyeje?" Nilicheka kwanza, halafu nikanyamaza. Kidonda changu hakijafunga vizuri.

Mwaka wangu wa pili chuoni nilitunga igizo la unyakuo, ule wa 1 Wathesalonike 4, watakatifu wanaponyakuliwa kumlaki Bwana mawinguni. Nilipanga taa zizimwe sekunde tano, watakatifu watoke mbio gizani, viatu vyao vibaki jukwaani. Mazoezini ilipendeza mno. Siku yenyewe taa zikawaka, na mchungaji wetu wa igizo yupo palepale, amechuchumaa, anahangaika na kamba za viatu zilizopiga fundo. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma: "Huyo kaachwa!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Baragumu lilipolia (nalo lilichelewa, tuyaache hayo) hakuna aliyelisikia.

Basi, ushauri: ombeni. Na mfanye mazoezi gizani, na viatu vilevile.

Ila kosa langu kubwa halikuwa kamba, lilikuwa Shetani. Kila kijana alitaka kuwa Shetani, nami nikampa mwenye kipaji kuliko wote, nikamwandikia kurasa sita. Yesu alikuwa na sentensi mbili, kajifunga shuka. Wiki nzima watu waliiga kile kicheko cha Shetani mabwenini.

Kwenye mwito wa kuokoka walisimama wengi, nikahesabu kwa fahari mpaka arobaini na kitu. Darasa la wokovu lililofuata walikuja wawili. Tuliwatisha kwa mayowe, na hofu ya usiku haifiki asubuhi. Kamati ikaniambia "nipumzike kidogo". Sijaitwa tena. Nimewasamehe, ingawa igizo lao la mwaka uliofuata lilikuwa langu, wamelibadilisha jina tu.

Tukio pekee lililowanyamazisha watu siku ile lilikuwa la binti anayeingia chumbani, anakuta kitanda cha mwenzake kimetandikwa, anamwita mara tatu, anakaa. Basi. Nilitaka kulikata eti halina nguvu! Kumbe hata Ufunuo 8:1, muhuri wa saba unapofunguliwa, mbinguni kunakuwa kimya kama nusu saa.

Ndugu yangu unayenguruma jukwaani, unatafuta roho za watu au makofi? Yesu alisema siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika. Wewe mwaka wa kuja kwake umeutoa wapi mpaka ukauandika kwenye bango? Tubu. Wale wanawali watano wapumbavu wa Mathayo 25 hawakukimbizwa na mtu mwenye mapembe. Walifungiwa mlango, wakabaki nje wakibisha. Igiza huo mlango.

Dada, mpunguzie Shetani kurasa. Ombeni, kama nilivyosema. Na watakatifu wavae ndala.