Bosi anataka nishike asidi bila kinga

Ndugu yangu, unasema bosi anataka umimine asidi kwenye madumu mikono mitupu, na ukikataa anakutishia kukufukuza. Tafadhali usiiguse! Tone moja likirukia jichoni linaweza kukupofusha.

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi anayejiondoa penye hatari kubwa ya papo hapo akiwa na sababu za msingi. Angalia kama nchi yako imeuridhia na sheria yenu ya kazi inasemaje.

Ila usiondoke kimyakimya. Mwandikie, hata kwa simu: "Niko tayari kufanya kazi, naomba kwanza glavu, miwani na maelezo ya usalama ya kemikali hii." Ipige picha lebo ya dumu. Akikaza, mwone mkaguzi wa kazi.