Jirani kapata pesa za mafuriko, mimi niliyeandikishwa naye sijapata

Swali: Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Garsen. Nyumba yetu ya udongo ilibomoka kwa mafuriko. Shirika moja la misaada lilikuja kambini likatuandikisha na kuchukua namba za simu. Jirani yangu ametumiwa pesa kwa M-Pesa mara mbili. Mimi hata ujumbe sijaona. Simu yangu ilizama, kwa hiyo nilitoa namba ya kaka yangu. Nifanye nini? Na kwa nini wasilete unga tu tukagawana sote?

Jibu: Pole sana dada, kwa nyumba na kwa kungoja huko. Nimeandikisha familia za waathiriwa kwa miaka mingi, na wasiwasi wangu wa kwanza ni hiyo namba ya kaka yako.

Kabla ya pesa kutumwa, orodha yetu hulinganishwa na usajili wa laini. Jina na namba ya kitambulisho tulivyoandika sharti vifanane na vya mwenye laini. Wewe umeandikwa kwa jina lako, laini inasoma jina la kaka yako, basi malipo yanakwama hapo. Hata herufi moja hutosha kukwamisha. Nakumbuka bibi mmoja niliyeketi naye chini ya mwembe, kitambulisho chake amekifunga kwenye ncha ya leso. Tulikisoma pamoja polepole tukakuta karatasi yetu imeruka "h" kwenye jina lake. Nikaisahihisha, na awamu iliyofuata pesa zake zikaingia. Alikuwa amengoja miezi miwili kwa kosa letu sisi, wala hakuna aliyekuwa amempigia simu kumweleza.

Kwa hiyo rudisha laini yako ya zamani. Wakala atakufanyia ukiwa na kitambulisho. Kama nacho kilichukuliwa na maji, anza kituo cha polisi upate abstrakti, yaani karatasi ya kuonyesha umeripoti kupotea kwake, kisha uende ofisi ya usajili wa watu. Halafu nenda meza ya malalamiko ya shirika hilo, au upige namba yao ya bure. Waambie siku uliyoandikishwa, kambi, kijiji na namba ya kitambulisho. Nenda wiki hii ukiweza, kwa sababu mradi ukishafungwa, kurekebisha malipo ni kazi ngumu mno. Mtu akikuomba PIN yako, au "kitu kidogo" ili jina lirudi, usimpe. Ripoti jina lake mezani hapo hapo.

Waulize pia kama ulichaguliwa. Kuandikishwa si kuchaguliwa, na hili hatulielezi vya kutosha. Fedha zisipotosha wote, hutangulizwa waliopoteza nyumba kabisa, wajane, wazee, walemavu na wenye watoto wachanga. Majina yanapaswa kusomwa barazani ili wanakijiji wenyewe waseme nani amesahauliwa. Kama halikusomwa lako, una haki ya kuuliza sababu.

Sasa unga. Chakula chenyewe huletwa pale maduka yanapokosa bidhaa. Aprili 2024 barabara ilipokatika pale Madogo, karibu na Garissa, malori yalikwama. Ukimpa mtu pesa wakati kama ule, unapandisha bei tu. Lakini soko likifunguka, mimi natetea pesa bila kusita. Nimeona akina mama wakiuza unga wa msaada kwa bei ya hasara wapate nauli ya kumpeleka mtoto hospitali. Wewe ndiye unayejua kama leo nyumbani kumepungua unga, dawa au sare ya shule. Kiasi chenyewe hukadiriwa kwa bei za sokoni: unga, maharagwe, mafuta, sabuni, maji.

Msaada wa kujenga ni orodha nyingine kabisa, na mara nyingi hutolewa kwa mafungu: la kwanza la msingi na nguzo, kisha fundi akague, ndipo lije la mabati. Hapo wataulizia ardhi. Kama kiwanja hakina hati, muombe chifu barua mapema, na kama familia ina sehemu iliyoinuka, mbali na mto, taja hiyo.

Ukifika mezani, usiondoke kabla hujaandikiwa namba ya lalamiko lako. Wakisema watakupigia, waulize ni siku gani, uiandike chini ya namba hiyo.