Maji ya Taveta na mpaka uliojipinda

SWALI: Ndugu Mhariri, nilisafiri kwa basi kutoka Voi hadi Taveta. Njia nzima ilikuwa nyika kavu ya Tsavo, lakini tulipoukaribia mji tukajikuta katikati ya migomba na mifereji iliyojaa maji, ilhali kulikuwa kiangazi. Maji hayo hutoka wapi? Tena, ni kweli kwamba mpaka umejipinda pale kwa sababu Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake, Kaisari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani, Mlima Kilimanjaro?
Msomaji, Voi

JIBU: Maji uliyoyaona ni mvua ya Kilimanjaro, iliyonyesha ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Miamba ya volkano ya mlima ule ina nyufa nyingi, kwa hiyo sehemu kubwa ya mvua ya msituni hunywewa na ardhi, ikateremka chini kwa chini na kuibuka bondeni katika chemchemi kama Njoro Kubwa, ambayo mfereji wake hunywesha mashamba ya Taveta. Ziwa Chala, lililo ndani ya kasoko kaskazini mwa mji, halina mto wowote unaotoka. Ukisimama ukingoni utayaona maji yametulia chini kabisa, yamezungukwa na kuta za mawe pande zote, na mpaka umepita katikati yake. Mto Lumi nao huingia Ziwa Jipe, ambako maji hushika Mto Ruvu na kurudi Tanzania hadi bwawa la Nyumba ya Mungu. Ndiyo maana msitu wa Kilimanjaro ukikatwa, mkulima wa Taveta ana haki ya kuingiwa na hofu.

Hadithi ya zawadi nimeisikia tangu utotoni, lakini haisimami. Mstari ule ulitokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, na Wilhelm wa Pili alitawazwa mwaka 1888. Kilichoupinda ni madai ya ardhi: mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alikuwa amepatana na wazee wa Taveta, na mwaka uliofuata Mjerumani Karl Jühlke akapatana na Mangi (yaani chifu wa Wachaga) Rindi wa Moshi. Wakubwa wale, bila kuwauliza wenyeji, wakaamua mstari upite kati ya nchi ya Wataveta na nchi ya Wachaga, kisha uuzunguke mlima kwa upande wa kaskazini.

Ukirudi, nenda Jumatano au Jumamosi, siku za soko, uione mikungu ya ndizi ikipakiwa kwenye malori ya Mombasa, na akina mama waliovuka kutoka Holili, upande wa Tanzania, wakipanga bidhaa zao.