Safari na Sahani: Barua zenu juu ya miji ya mawe ya Adria

Toleo lililopita nilieleza kidogo miaka yangu ya jikoni kwenye meli za abiria, na barua zilizokuja karibu zote zauliza bahari moja tu: Adria, ile iliyo kati ya Italia upande mmoja, na Kroatia, Montenegro na Albania upande wa pili. Nilipita huko nikiwa kazini, kisha nikarudi na mke wangu kama mtembezi. Nimechagua barua nne.

*Ami, shikamoo. Mimi na mume wangu twaenda Kroatia mwezi wa Septemba, siku kumi. Tumepanga Dubrovnik, Kotor, Split, Trogir, Zadar, Rovinj, halafu Venice. Mama mkwe asema tutarudi tumechoka kuliko tulivyoondoka. Wewe wasemaje?*
Bi S., Kibokoni

Marahaba, mwanangu. Mkweo asema kweli, na umpe salamu zangu. Miji saba kwa siku kumi ni kazi ya kufunga na kufungua mabegi. Rovinj na Venice ziko juu kabisa kaskazini, ziacheni zingoje safari nyingine. Na Kotor, iliyo Montenegro, angalieni viza kwanza. Kroatia imo ndani ya Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tangu tarehe 1 Januari 2023, siku ile ile iliyoanza kutumia euro. Montenegro haimo. Mkitoka Dubrovnik kwenda Kotor, hata kwa kutwa moja, mmetoka Schengen, na kurudi kwataka viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Tazameni karatasi zenu kabla ya kulipia basi.

Laleni Dubrovnik siku tatu, Split nne, Zadar mbili. Trogir ni mwendo mfupi kutoka Split, mwaenda na kurudi siku hiyo hiyo. Na njiani kutoka Split kwenda Zadar kuna Šibenik, ambayo hamkuitaja. Kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo la pale lilianza kujengwa 1431 likamalizika 1535, mawe matupu hadi paa, na nje limezungushiwa vichwa vya watu zaidi ya 70 vilivyochongwa, kila kimoja na sura yake: huyu amenuna, yule kama amesikia habari asiyoipenda. Mimi si mtu wa makanisa, lakini nilizunguka mara mbili nikiwatazama wale watu.

Sasa sikilizeni neno langu kubwa. Katika miji hii mchana ni wa meli. Nasema kwa kuwa nilikuwa mmoja wa waliowaleta wale abiria. Kuanzia saa nne asubuhi hadi jioni, Dubrovnik hupita watu bega kwa bega kama soko letu la Marikiti wiki ya Idi. Alfajiri na usiku ndizo saa zenu. Tokeni saa kumi na mbili asubuhi, mtembee Stradun, ile njia kuu ya katikati. Zamani palikuwa na mkono wa maji, ukafukiwa. Mawe yake ya chokaa yamekanyagwa hadi yamekuwa laini kama kioo, na asubuhi yakiwa na umande yateleza. Vaeni viatu vya soli inayoshika. Tazameni milango ya maduka ya zamani: mlango na dirisha vimeunganishwa chini ya tao moja, na ule upande wa dirisha umeachwa ukuta mfupi wa mawe, muuzaji akaufanya meza. Wenyewe wauita mlango wa goti. Mimi nilisimama nikakumbuka Ndia Kuu ya Mombasa, muuzaji na mnunuzi wakisemezana bila yeyote kuingia wala kutoka.

Kutani pandeni saa mbili wanapofungua. Ukuta wa mji una mzunguko wa mita 1,940, mwendo ni wa upande mmoja, na kivuli ni kidogo sana. Tiketi ni ghali, lipeni. Ukiwa juu angalia vigae vya paa. Vile vyekundu vinavyong'aa ni vipya, viliwekwa baada ya mji kupigwa mizinga vitani, 1991 na 1992. Vile vilivyopauka ndivyo vya asili. Ukishajua hilo, wasoma vita vyote juu ya mapaa, nyumba kwa nyumba, na utaona vipya ni vingi kuliko ulivyodhani.

Split ni kitu kingine, na ndio mji nilioupenda zaidi. Diocletian, mfalme wa Warumi, aliacha ufalme mwaka 305 akaenda kukaa katika kasri alilojijengea ufukweni. Karne ya 7 watu wa mji wa jirani, Salona, walikimbilia ndani ya zile kuta, na mpaka leo watu waishi humo. Si makumbusho. Utaona nguo zimeanikwa dirishani juu ya nguzo za Kirumi, na mama ateremka ngazi na kikapu akipita kando ya sanamu ya mawe meusi iliyotolewa Misri, yenye miaka zaidi ya elfu tatu. Kaburi la mfalme lenyewe, aliyewatesa Wakristo, ndilo kanisa kuu la mji. Kaeni hapo jioni mkitazama tu.

Zadar nendeni magharibi, ufukweni, kwenye kinanda cha bahari kilichojengwa 2005. Ni ngazi za mawe zenye mabomba 35 ndani, wimbi likisukuma hewa, ngazi zaimba. Mke wangu aligoma kuondoka hadi giza likaingia.

*Ami, mimi na wenzangu wawili twala halali tu. Nimesikia huko ni nguruwe na mvinyo kila mahali. Je, tutaishi kwa mkate?*
Msomaji wa Majengo

Hamtaishi kwa mkate. Pwani ile ni ya samaki kama yetu. Lakini lazima uulize, kwa sababu mvinyo wao hauko gilasini tu, umo sufuriani. Mimi nimesimama kwenye majiko hayo, najua unapomwagwa.

Chukua wali mweusi, crni rižot, wanaoupika kwa ngisi na wino wake. Ni chakula kitamu, wasikutishe meno kuwa meusi. Lakini baada ya kukaanga kitunguu na ngisi, mpishi humimina mvinyo. Chaza na kome wa buzara, ule mchuzi wa thomu na mvinyo, hivyo hivyo. Pašticada, nyama ya ng'ombe ya siku za sherehe, hulala kwenye siki na hupikwa kwa mvinyo, hiyo iacheni. Jifunzeni maneno manne: *bez vina*, bila mvinyo, na *bez svinjetine*, bila nguruwe. Semeni kabla ya chakula kupikwa, maana kikishapikwa hakuna la kufanya.

Chakula cha kutuliza moyo ni samaki wa kuchoma, mafuta ya zeituni, thomu na limau, na pembeni blitva, mboga ya majani iliyochemshwa na viazi. Ulizeni kama wavu ule ule huchomewa nguruwe. Nyumba nyingi hukujibu kwa adabu na wengine huweka sufuria ya peke yake. Saladi ya pweza pia: pweza wa kuchemsha, viazi, vitunguu, siki. Pweza wao ni laini, na mimi niliyekulia pweza wa kupigwa mwambani nakiri hivyo.

Kuna na peka. Hiyo mtaielewa mara moja, kwa sababu ni kupalia. Nyama au pweza na viazi huwekwa katika sinia ya chuma, hufunikwa na kifuniko kizito kama kengele, na makaa hupaliwa juu. Moto chini, moto juu, kama mama zetu walivyopalia wali. Huchukua saa kadhaa, kwa hiyo huagizwa mapema, hata siku moja kabla, na hapo ndipo pa kusema *bez vina*. Brudet ni mchuzi wa samaki, nao huuleta na palenta, ambayo ni ugali wa mahindi mlaini. Nilipouona kwenye sahani nilicheka kwa furaha.

Tahadhari moja ya tamu. Kuna vidonge vya unga vinavyoitwa fritule, umbo lake kaimati tupu. Mke wangu alikwisha toa pesa mkononi, nikamzuia: mara nyingi hutiwa pombe kali kwenye unga. Na rožata ya Dubrovnik, ile kama pudini ya karameli, kwa desturi hutiwa kileo cha waridi. Ulizeni.

Mkiwa na siku ya ziada na viza inaruhusu, Mostar, nchini Bosnia, ni safari ya basi kutoka Split au Dubrovnik. Huko kuna misikiti na nyumba za kula ambazo hamtauliza chochote, na lile daraja la Waturuki la 1566, lililovunjwa vitani 1993 na kujengwa tena 2004.

*Ami, bajeti yangu ni ndogo. Naweza kula nje kila siku?*
Kijana wa Likoni

Waweza, ukila mapema. Watu wa Dalmatia, yaani pwani hii ya Kroatia, wana mlo uitwao marenda, kabla ya adhuhuri, chakula cha mafundi na wavuvi: sahani moja ya siku, bei ya chini sana kuliko ya usiku. Ingia konoba, ndizo nyumba zao ndogo za kula, uone waliovaa nguo za kazi wanakula nini, uagize hicho hicho.

Na samaki mzima, mwanangu, huuzwa kwa kilo. Bei iliyo kwenye orodha ni ya kilo, si ya sahani. Mimi, mpishi mzima, nililetewa sinia nichague, nikanyoosha kidole bila kuuliza. Alikuwa wa kilo na robo, kilo euro 70. Nililipa euro 87 na nusu kwa samaki peke yake, na sikuweza kugomba kwa sababu bei ilikuwa imeandikwa. Mwambie mhudumu ampime samaki mbele yako kwanza. Ama agiza dagaa wa kuchoma, srdele: ni rahisi, na ukiwapata wabichi asubuhi Split, karibu na soko lao la samaki, huna haja ya samaki wa euro 70. Upande wa Italia kuna ada ya kiti, coperto, kwa kila mtu. Si wizi, ni desturi.

*Mimi ni mwalimu wa historia. Je, pwani ile ina lolote linalotuhusu sisi?*
Msomaji wa Tudor

Lipo, mwalimu. Ngome yetu, Fort Jesus, ya 1593, ilichorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Ukiziona kuta za Zadar za karne hiyo hiyo, zile pembe zilizochongoka kupokea mizinga, utadhani umezijua tangu utotoni. Na ushanga wa Venice uliuzwa huku kwetu kwa miaka mingi.

Lakini lililonigusa mimi ni Ulcinj, kusini kabisa mwa Montenegro. Waturuki waliuchukua 1571, na hadi leo wengi wa wakaazi ni Waislamu Waalbania. Mabaharia wake walileta Waafrika utumwani, na vizazi vyao vikabaki mjini, wakawa mabaharia na watu wa mji. Mmoja, Rizo Šurla, alikuwa mpiga picha aliyejulikana na kila mtu. Ndani ya mji mkongwe kuna uwanja mdogo uitwao Uwanja wa Watumwa, una matao ya mawe kando yake.

Nilikaa hapo jioni moja hadi ikaadhiniwa magharibi. Nikateremka mpaka msikiti wa mabaharia, ulio karibu na ufuo mdogo, nikaswali. Nilipotoka bahari ilikuwa pale pale ilipokuwa mchana, kwa kuwa Adria upande ule wa kusini haikupwi kama yetu, maji hupanda na kushuka kiasi kisichofika goti. Meza za watu zilikuwa hatua moja kutoka majini, na mzee mmoja alikuwa akiparua samaki kwenye ngazi, magamba yakielea.