Shangazi, nikasome sera ya jamii au nichukue biashara?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni afisa ustawi wa jamii hapa Sengerema, mwaka wa saba kazini. Shahada yangu ya kwanza ni ya sosholojia, GPA 3.2. Natamani kusoma shahada ya pili ya sera ya jamii, ila mume wangu anasema hayo ni masomo ya maneno matupu, bora nichukue biashara. Mkuu wangu wa idara naye anasema hayatanipandisha cheo. Nina watoto wawili, mdogo ana miaka mitatu. Huko wanasoma nini hasa, na mtu kama mimi aanzie wapi?
Msomaji, Sengerema

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na mkuu wako, maana huyo kasema nusu ya ukweli. Mimi nilirudi na shahada ya pili nina miaka 43, nikakuta meza yangu kapewa mtu mwingine na mshahara uko pale pale. Nilikuwa nimeondoka kwa neno la mdomo la bosi wangu. Bosi akahamishwa, neno likahama naye. Kwa hiyo kabla ya yote, hakikisha jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, na barua ya ruhusa ya masomo unayo mkononi. Bila hiyo usikate hata tiketi ya basi.

Sasa mumeo. Mwulize hivi: CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya afya ya jamii, ilipangwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Kwenye kaya ya watu tisa, nani anaachwa nje ya kadi? Bibi? Mtoto wa marehemu dada? Na aliyeamua sita, aliamua kwa hesabu gani? Hayo ndiyo masomo yenyewe: nani analipa, nani anapata, nani anaamua, nani anadondoka katikati. Utasoma takwimu (usiziogope, zinazoeleka), bajeti, mbinu za utafiti na historia.

Historia ndiyo iliyonishika mimi. Mwaka 1942 mchumi mmoja, William Beveridge, aliwatajia Waingereza wenzake majitu matano ya kupigwa vita: ufukara, maradhi, ujinga, makazi machafu na kukaa bila kazi. Sisi tulikua na maadui watatu wa Mwalimu: ujinga, umaskini na maradhi. Nikadhani ni mambo mawili yasiyojuana. Kumbe Richard Titmuss, profesa wa London anayetajwa sana kwenye fani hii, ndiye aliyeongoza jopo lililoandika ripoti ya huduma za afya za Tanganyika, iliyotoka 1964. Nilipoiona maktaba nilikaa nayo mpaka wakazima taa.

Lakini darasa langu kubwa lilikuwa Mwaloni, soko la samaki na dagaa pale Kirumba, Mwanza. Nilikwenda na dodoso 120 za utafiti wangu wa shahada, nimezichapisha stesheneri kwa hela ya kukopa. Swali la saba: "Kipato chako kwa mwezi ni shilingi ngapi?" Mama wa kwanza, mwanika dagaa, hakuacha hata kuwageuza kwenye chanja. Akaniuliza, "Mwezi upi, mwanangu? Wa kalenda au huu wa juu?" Wenzake wakacheka, mimi nikadhani nataniwa. Hakuwa anatania. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea mitumbwi inapumzika, na mwanika dagaa anapumzika nayo, ila tumbo halipumziki. Ana siku za noti na siku za kukopa unga dukani, na kalenda ya ukutani haimwambii lolote. Nikarudi nyumbani nikalifuta swali la saba, nikaandika "giza lililopita ulipata kiasi gani?" Majibu yakaja mpaka ya shilingi mia. Tangu siku hiyo, nikisikia mpango wowote unaomtaka mtu wa mwaloni achangie kila tarehe 30, najua aliyeupanga anaishi kwa mshahara.

Hilo mumeo akilisikia, mwambie hata kwenye biashara lina hela.

Kuhusu pa kuanzia. GPA yako inatosha. Vyuo vyetu kwa kawaida huanzia 2.7. Usitafute jina "sera ya jamii" peke yake, mara nyingi utalikuta ndani ya masomo ya maendeleo, ustawi wa jamii au utawala wa umma. Omba orodha ya masomo yenyewe uisome. Anza na Mwanza: tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, huna tena kisingizio cha foleni ya kivuko. Pita Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) pale Malimbe, na kituo cha Chuo Kikuu Huria, uulize.

Ukitaka nje, ipo Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza. Inalipia mwaka mmoja wa shahada ya pili, inataka uwe na saa 2,800 za kazi, ambazo wewe unazo na chenji, na inakutaka urudi nyumbani ukae miaka miwili. Haigharimii watoto. Hapo kaa na mama yako au mkweo mzungumze wazi nani atabaki na huyo mdogo, siyo kuachiana kwa macho.

Tegemea pia kuchelewa. Msimamizi wangu alikaa na sura ya tatu ya tasnifu yangu miezi mitano, akairudisha na alama moja ya nukta. Na barua za kibali cha utafiti zinapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi, mpaka kwa mtendaji wa kijiji, kwa hiyo zianze mapema.

Kabla ya kujaza fomu yoyote, niandikie ukurasa mmoja tu: jambo gani limepita mezani kwako miaka hii saba likakunyima usingizi? Huo ukurasa ndio utakaoombea nao. Ukija kuuleta mjini pita Kirumba unitafutie dagaa, ila uangalie juu kwanza. Mwezi ukiwa mpevu utakuta chanja tupu.