Jibu: Rovu linakua vipi wakati homoni zimepungua?

Mkuu, umeuliza inakuwaje bibi yako wa Makete ana rovu, yaani uvimbe wa tezi ya thairoidi, shingoni halafu daktari anasema homoni zake ziko chini. Tezi ikue, kazi ipungue? Hata mimi liliwahi kunisumbua hilo.

Tezi ya thairoidi, ile iliyokaa mbele ya shingo mfano wa kipepeo, hutengeneza homoni kwa kutumia madini joto (iodini). Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 tu kwa siku, kiasi kidogo mno. Homoni hizo ndizo zinazoamua mwili uchome chakula kwa kasi gani. Zikipungua, mtu anasikia baridi, anachoka, choo kinakuwa kigumu.

Sasa, chini ya ubongo kuna pituitari, ukubwa wake kama njegere. Huyo ndiye msimamizi. Akiona homoni za thairoidi zimepungua kwenye damu, anamwaga homoni yake, TSH, utaiona kwenye karatasi ya maabara, kuihimiza tezi iongeze kazi. Tezi inahangaika, inaongeza seli, inavimba, na malighafi, yaani madini joto, hakuna! TSH nayo haikomi.

Ila si kila rovu ni la madini joto. Lipo ambalo homoni zinazidi, moyo unakwenda mbio na mtu anakonda huku anakula vizuri. Kwa hiyo fuateni vipimo, msibahatishe dawa. Chumvi ya bibi iwe ya madini joto, kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na jua, na aitie chakula kikikaribia kuiva.